Daftari Kabla ya Mnara: Mwongozo Kamili wa Kuhifadhi Kumbukumbu za Askari Waliotoka Vijijini Nyanda za Juu Kusini

Cheti cha baba yangu mdogo kilikuwa ndani ya kopo la majani ya chai, kimekunjwa mara nne, na mahali mikunjo ilipokutana palikuwa na tundu lenye ukubwa wa punje ya maharage lililomeza tarakimu mbili za mwisho za namba yake ya jeshi. Mama mdogo alikuwa akilitunza kopo hilo darini, juu ya mafiga, kwa sababu moshi hufukuza mchwa. Aliponikabidhi nilifungue alisema jambo moja tu: kwamba tangu mumewe aliporudi kutoka Uganda hadi siku alipozikwa, hakuna mtu wa kijijini aliyewahi kumwomba aione karatasi hiyo.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya vijiji vya Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe vinavyotaka kuwakumbuka watu wao waliotumikia jeshini. Ushauri wangu mkuu ni kwamba daftari litangulie na mnara ufuate. Nilishiriki katika kamati ya kijiji kimoja iliyoanza kwa kuchangishana saruji na nondo, na jiwe likasimikwa likiwa na majina kumi na moja. Jina moja lilikosewa herufi, na mgambo wawili waliokwenda Kagera na kurudi kulima mahindi hawakuandikwa kabisa, kwa sababu hatukupita nyumba kwa nyumba kuuliza. Familia ya yule aliyekosewa jina haikuja siku ya uzinduzi. Familia ya mgambo mmoja ilikuja, ikasimama nyuma, ikasoma jiwe lote tangu juu hadi chini, ikaondoka kabla ya chakula. Daftari hurekebishwa kwa kalamu. Jiwe halirekebishwi hivyo.

Hatua ya kwanza: amueni nani ataandikwa

Swali hili linaonekana jepesi, lakini ndilo linalogawa watu, kwa hiyo lijadiliwe mwanzoni kabisa na uamuzi wake uandikwe katika ukurasa wa kwanza. Maoni yangu ni kwamba aandikwe kila mtu wa kijiji aliyetumikia jeshini au aliyechukuliwa kulihudumia jeshi, awe alishika bunduki au alibeba mzigo, awe alifia vitani au alirudi akafa kwa uzee.

Katika ukanda wetu orodha hiyo inarudi nyuma sana, kwa sababu Vita Kuu ya Kwanza ilipiganwa katika ardhi yetu wenyewe. Majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yalivuka mpaka kutoka kusini mwezi Mei 1916, yakaichukua Neu Langenburg, ambayo ndiyo Tukuyu ya leo, na mwezi Julai mwaka huo yakapigana na Wajerumani huko Malangali, Mufindi. Pande zote mbili zilikuwa na askari Waafrika, na pande zote mbili zilichukua wapagazi kutoka vijijini kwa nguvu, wengi wao wakafa kwa njaa, kuhara na baridi bila kupiga risasi hata moja. Vita hiyo ilikwisha jenerali wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, alipoweka silaha chini mjini Abercorn, yaani Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Maandishi ya Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyowekwa mwaka 1927, yanawataja wapagazi pamoja na askari, na kijiji hakina sababu ya kuwa na moyo mdogo kuliko sanamu hiyo. Aliyemtumikia Mjerumani na aliyemtumikia Mwingereza wakae katika ukurasa mmoja, kwa kuwa wengi wao hawakuchagua bwana wao.

Wanafuata watu wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, ambao wazee huwaita watu wa Keya, waliopelekwa Uhabeshi, yaani Ethiopia, mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942 na Burma mwaka 1944, nchi ambayo wazee wetu huitamka Bama. Miongoni mwao walikuwamo madereva wa malori, wapishi, watengeneza barabara na wahudumu wa hospitali, nao wote waandikwe. Baada yao wapo askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la Tanganyika baada ya uhuru, na wale wa JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, lililoundwa tarehe 1 Septemba 1964 baada ya maasi ya askari ya Januari mwaka huo. Ikiwa familia ina mzee aliyeachishwa jeshi wakati wa maasi, andikeni miaka aliyotumikia, na habari ya kuachishwa iachwe mpaka familia yenyewe itakapotaka kuisema.

Kundi kubwa kuliko yote katika vijiji vingi ni la Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979, kati ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, na ndani yake kundi linalosahaulika upesi kuliko yote ni mgambo. Hawa walitolewa mashambani, wakafunzwa kwa muda mfupi, wakavuka mpaka pamoja na JWTZ, kisha wakarudi kwenye majembe yao. Wengi hawakuwa na pensheni wala sare ya kuning'iniza ukutani, na kwa sababu hiyo watoto wao wenyewe wakati mwingine hawajui kama baba alifika Uganda. Ongezeni vijana wa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, waliochukuliwa kambini, waliokwenda Msumbiji katika miaka ya 1980, na waliolinda amani Darfur na Kongo katika miaka ya karibuni. Tarehe 7 Desemba 2017 askari wetu walishambuliwa Semuliki, mashariki ya Kongo, na zaidi ya kumi waliuawa. Kumbukumbu za askari si jambo la babu zetu peke yao.

Katika daftari wekeni pia nafasi ya kuandika ni nani alibaki nyumbani. Mke aliyelima peke yake misimu miwili bila kujua kama mumewe yu hai ni sehemu ya utumishi huo, na mara nyingi yeye ndiye aliyebaki wa kuusimulia.

Hatua ya pili: ruhusa na kamati

Mtendaji wa kijiji apewe barua, jambo lipelekwe katika mkutano mkuu wa kijiji, na muhtasari wake utunzwe. Katika ngazi ya wilaya mwoneni Mshauri wa Mgambo, ambaye kwa kazi yake anawafahamu askari wengi wastaafu, na mtafuteni pia mwakilishi wa MUWAWATA, umoja wa wanajeshi wastaafu, kama yupo karibu. Kamati ya watu watano inatosha: mstaafu mmoja wa jeshi, mama mmoja mtu mzima anayefahamu koo, kijana mwenye mwandiko unaosomeka, na wawili kutoka vitongoji vya pembezoni. Msianze kazi hii wakati wa kampeni za uchaguzi.

Tangu mwaka 2023 nchi yetu inatekeleza Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa hiyo kabla ya kuandika, kurekodi au kupiga picha, mhusika aelezwe taarifa zake zitatumikaje na atie saini au dole gumba. Namba za jeshi, namba za pensheni na habari za ugonjwa ziwe katika daftari la ndani linalofungiwa, zisisomwe hadharani wala kutumwa kwenye makundi ya simu. Habari za kambi na silaha za sasa msiziulize kabisa.

Hatua ya tatu: majina

Hapa nendeni polepole. Aliyemwandikisha askari alikuwa karani aliyesikia jina kwa mara ya kwanza, naye aliandika alichosikia. Kwa hiyo Mwakalinga anaweza kuonekana Mwakaringa, Kyando akawa Chando, na mtu aliyeitwa kwa jina la babu yake nyumbani akaingia jeshini kwa jina la ubatizo na jina la baba. Kila mtu apewe mistari minne: jina kama lilivyoandikwa kwenye karatasi za jeshi, jina alilojulikana nalo kijijini, jina la baba na babu, na jina la mama. Makete peke yake ina akina Sanga wengi kiasi kwamba bila jina la babu na kitongoji huwezi kujua unamzungumzia nani.

Mahali pa kuzaliwa nako kuna mtego. Cheti cha mwaka 1978 cha mtu wa Makete au Ludewa kitasema Mkoa wa Iringa, kwa sababu Mkoa wa Njombe umeanza mwaka 2012. Cha mtu wa Mbozi au Ileje kitasema Mbeya, kwa sababu Songwe imeanza mwaka 2016. Karatasi za wakati wa Mwingereza zitataja Jimbo la Nyanda za Juu za Kusini. Kijiji kilichotajwa chenyewe kinaweza kuwa ni mahame, mahali watu walipohama wakati wa Operesheni Vijiji katikati ya miaka ya 1970. Msilifute jina la zamani. Liandikeni, kisha andikeni pembeni mahali hapo panaitwaje leo.

Hatua ya nne: kumhoji mzee

Nendeni baada ya mavuno, kati ya Juni na Oktoba, kabla mvua hazijaharibu njia. Katika maeneo ya Makete na Njombe Juni na Julai ni miezi ya ukungu na baridi kali, kwa hiyo mfikeni jua likiwa limeshapanda na mzee ameota moto. Kilo ya sukari na mche wa sabuni vinatosha kama heshima ya kubisha hodi. Fedha taslimu huleta maneno kati ya nyumba na nyumba. Shikamoo itangulie, habari za familia na mifugo zifuate, na simu ibaki mfukoni mpaka mzee mwenyewe akubali. Mstaafu wa JWTZ anaweza kufurahi akiitwa afande, lakini mwacheni yeye aonyeshe. Msimhoji kilabuni kwenye ulanzi, hata kama huko ndiko anakosimulia vizuri zaidi, kwa sababu wasikilizaji watamsukuma aongeze chumvi.

Kwa kurekodi, simu ya kawaida inatosha. Zimeni mtandao ili isipigwe katikati, iwekeni juu ya kitambaa na si juu ya meza tupu, na mwanzoni tamkeni tarehe, kijiji na majina ya waliopo. Mvua ikianza kupiga bati, simamisheni, kwa sababu mtakachosikia baadaye ni bati tu. Niliwahi kupoteza saa nzima ya simulizi ya mapigano ya Masaka, Uganda, kwa namna hiyo, na nilipomrudia mzee alisimulia kwa muhtasari kwa kuwa alikuwa ameshayasema yote. Mkae saa moja, msizidi saa moja na nusu, kisha mrudi siku nyingine.

Swali la kwanza lisiwe la vita. Ulizeni alikuwa akifanya nini siku aliyoitwa, nani alimletea habari, alivaa viatu gani, na mama yake alisema nini mlangoni. Ulizeni walisafiri kwa gari gani, walikula nini, nani aliwaandikia barua wasiojua kusoma. Mzee mmoja wa Rungwe alinyamaza nilipomuuliza juu ya mapigano, lakini nilipomuuliza juu ya mvua alizungumza dakika arobaini juu ya tope, jinsi walivyofunga kamba kiunoni kuvuka bonde usiku, na jinsi soksi zilivyotoka na ngozi ya nyayo. Hatukurudi kwenye mapigano siku ile, na kurasa zake ni miongoni mwa zile ninazozithamini kuliko zote.

Kamwe msiulize aliua wangapi. Akianza kutetemeka au kulia, zimeni simu na kaeni naye. Kinywaji cha moto kitafutwe, na mtu wa nyumbani aitwe. Akisema jambo kisha akaomba lisiandikwe, lifuteni mbele yake. Na ikiwa kumbukumbu inamjia kwa Kinyakyusa, Kihehe, Kibena au Kisafwa, mwacheni aseme kwa lugha hiyo, yaandikeni maneno yake kama yalivyo, kisha tafsiri ya Kiswahili ikae chini yake.

Kwa waliokwishafariki, mtawahoji wajane na watoto. Aliyekuwa na miaka 20 vita vya Kagera vilipoanza amezaliwa mwaka 1958, na aliyekuwa na umri huo Bama amezaliwa karibu na mwaka 1924. Hesabu hiyo iwaongoze ni nyumba ipi muanze nayo.

Hatua ya tano: karatasi, picha na nishani

Msiondoke na karatasi halisi hata kwa siku moja. Ikunjueni taratibu juu ya ubao safi karibu na mlango, mahali penye mwanga wa mchana usio wa jua kali, wekeni rula pembeni ili ukubwa ujulikane, na pigeni picha pande zote mbili bila tochi ya simu. Kisha nakilini kwa mkono kila kinachosomeka. Kwa askari wa JWTZ tafuteni namba inayoanza na MT, na kwa ofisa ile inayoanza na P. Palipotoboka andikeni nukta, msikisie. Katika daftari letu namba ya baba yangu mdogo bado ina nukta mbili mwishoni.

Familia nyingi, kwa nia njema, hupeleka cheti kwenye duka la steshenari kikabandikwe plastiki kwa mashine ya moto. Wazuieni. Joto hilo huweza kuharibu wino wa zamani, na plastiki haitoki tena bila kuichana karatasi. Bahasha safi ndani ya bati lenye mfuniko, mbali na jiko na mbali na sakafu, inatosha.

Nishani zisisuguliwe kwa majivu wala mchanga. Nyota ya shaba yenye ncha sita ni ya Vita Kuu ya Pili, na utepe wake ndio unaoeleza mengi: ule wa Burma una mstari mpana mwekundu katikati na buluu nzito pembeni zikigawanywa na rangi ya machungwa. Angalieni ukingo na mgongo wa kila nishani, kwa kuwa baadhi zimechongwa namba na jina. Picha ya ukutani igeuzwe nyuma, kwani mara nyingi huko kuna mhuri wa studio au tarehe.

Hatua ya sita: kulinganisha simulizi na matukio

Mzee husema ukweli wa alichokiona, lakini miaka huteleza. Msimsahihishe usoni, andikeni alivyosema, halafu pembeni wekeni tarehe inayojulikana. Miaka ya zamani ipimwe kwa mambo ya hapa: alioa kabla au baada ya reli ya TAZARA kukabidhiwa mwaka 1976, mtoto wa kwanza alizaliwa kabla au baada ya kuhamia kijijini?

Kwa Kagera, mfuatano unaosaidia ni huu. Majeshi ya Amin yalivamia mwishoni mwa Oktoba 1978 na daraja la Kyaka likavunjwa mwanzoni mwa Novemba. Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa tarehe 2 Novemba. Mutukula ilichukuliwa Januari 1979, Masaka na Mbarara mwishoni mwa Februari, mapigano ya Lukaya yakawa usiku wa kuamkia tarehe 11 Machi, Entebbe ikachukuliwa tarehe 7 Aprili, Kampala tarehe 11 Aprili na Jinja tarehe 22 Aprili, na mapigano yakaisha mwanzoni mwa Juni. Mzee asiyekumbuka namba ya brigedi yake huwa anamkumbuka kamanda. Akimtaja Mayunga, aliyeitwa Mti Mkavu, elekeeni Brigedi ya 206 na njia ya Mbarara. Akimtaja Walden, ni ya 207. Akimtaja Marwa, ni ya 208 iliyoingia Entebbe. Jibu hilo moja hufungua safari yake yote.

Hatua ya saba: makaburi

Kwa waliozikwa kijijini, nendeni na mwenye ukoo, fyekeni, pigeni picha, na andikeni kaburi liko hatua ngapi kutoka kwenye mti au nyumba isiyohamishika. Waliofia mbali watafutwe panapostahili: wengi wa Kagera wamelala Kaboya wilayani Muleba, na wa Msumbiji wako Naliendele, Mtwara. Iringa mjini kuna makaburi ya vita yanayotunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, na rejista ya tume hiyo, inayopatikana katika intaneti bila malipo, ina pia majina ya askari wa Afrika Mashariki waliofia Burma. Tafuteni kwa kila tahajia ya jina, si moja tu.

Hatua ya nane: siku ya kusoma majina, na baadaye jiwe

Siku ya Mashujaa ni tarehe 25 Julai. Katika sherehe za kitaifa Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, na viongozi wengine huweka sime, shada la maua, upinde na mshale, na shoka. Kijiji hakihitaji gwaride kufanya lake: kiti cha wastaafu mbele, wajane kando yao, ukimya wa dakika moja, na majina yasomwe yote pamoja na jina la kitongoji na mahali mtu alipotumikia. Msomaji aketi na kila familia wiki moja kabla, ajifunze kulitamka jina kama wanavyolitamka wao.

Jiwe lijengwe baada ya majina kusomwa hadharani miaka miwili mfululizo, kwa sababu kila mara yanaposomwa, mtu huinuka na kutaja aliyesahauliwa. Majina yapangwe kwa vita na kwa alfabeti, bila vyeo, na fundi apewe karatasi iliyotiwa saini na kila familia. Bamba la chuma linalofungwa kwa parafujo ni bora kuliko maandishi ya kuchonga kwenye saruji mbichi, kwani linaweza kubadilishwa.

Daftari lenyewe liandikwe nakala tatu kwa kalamu ya wino isiyoyeyuka kwa maji: moja ofisi ya kijiji, moja shule ya msingi au sekondari ya kata, na moja kwa mwanakamati mwenye nyumba kavu. Picha na sauti ziwe katika kadi mbili zinazotunzwa nyumba tofauti, na kila mwaka mwezi Juni mtu azifungue kuhakikisha zinasoma. Makumbusho ya Boma mjini Iringa yafaa kuulizwa kama yatapokea nakala ya nne. Na baada ya kila ukoo, acheni kurasa mbili tupu, maana katika daftari letu majina sita yameletwa na watu waliokuja msibani, wakasikia kuna orodha, wakauliza inatunzwa wapi.